Zimwi linaingia chumbani na bajeti ya zimwi haipo: uzi wa wanaotengeneza tamthilia za watoto

Skripti_Mkononi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa ufundi mtupu. Tuchukue sini moja (tukio moja la mahali pamoja) tuichanechane mpaka ibaki mifupa.

Usiku. Chumba cha mtoto wa miaka minane. Chini ya kitanda kuna kibuyu alichokiokota, na kibuyu kina mwenyewe. Mwenyewe ni zimwi, na leo limekuja kukifuata. Dakika mbili kwenye skrini, maneno yasizidi matano.

Skripti nyingi zingeiandika hivi: "Zimwi linavunja mlango, linanguruma, mtoto anapiga kelele." Mstari mmoja tu, na umeshakula vazi zima, kinyago, milango mitatu (maana mlango wa kuvunja haupatikani kwa shoti moja, yaani kwa kurekodi mara moja bila kukata) na siku nzima ya kazi. Na kwa gharama yote hiyo mtazamaji hajaambiwa kitu: hajui zimwi linataka nini, wala mtoto anaficha nini.

Andika upya kwa kuuliza swali moja: mtoto huyu, akiwa pale alipolala, anaona nini? Taa imezimwa. Anaona mstari wa mwanga chini ya mlango. Mstari unakatika sehemu mbili. Hizo ni nyayo. Kitasa kinashuka taratibu. Mkono wake mwenyewe unakisukuma kibuyu ndani zaidi. Kivuli kinapanda ukutani. Vidole virefu vinashika ukingo wa kitanda. Uso wake. Shoti saba hadi tisa, na cha kutengenezwa ni mkono mmoja kuishia kwenye kiwiko. Hela yote ya efekti iingie kwenye mkono huo, vingine viwe mwanga, sauti na uso.

Jambo la pili ni kimo cha kamera. Mtoto wa miaka minane ana urefu wa kama sentimita 125 hadi 130, kwa hiyo akisimama macho yake yako sentimita 115 hadi 120 kutoka sakafuni. Lenzi ikae hapo au chini yake, sini nzima. Akilala, shusha. Akipiga magoti, shusha tena. Tripodi nyingi hazifiki chini kiasi hicho, basi weka kamera juu ya mfuko wa mchanga. Mtu mzima akiingia, mkate kichwa: aonekane kiuno na mikono. Hapo umepata mtazamo wa mtoto bila kununua chochote, na umefuta nusu ya ukuta ambao ungehitaji kupambwa.

Karibuni muongeze, mpinge.

---

Mkataji

Naunga mkono, na ushahidi upo wa tangu enzi za televisheni nyeusi na nyeupe. Desemba 1963 BBC ilipowaleta Dalek, maadui wa ndani ya magamba ya chuma, kwenye Doctor Who, kipindi cha familia kilichokuwa na fedha kiduchu, sehemu ya kwanza ya kisa iliishia kwa mwanamke aliyebanwa ukutani akipiga kelele, na kitu pekee kilichoonekana cha hilo dude ni ule mkono wake unaofanana na kizibuo cha sinki. Kamera ilikaa upande wa dude lenyewe. Watoto walisubiri wiki nzima walione. Na walipofika kwenye umati wa Dalek, yaliyotengenezwa yalikuwa machache, waliosimama nyuma walikuwa picha zilizokuzwa na kubandikwa.

Ila angalizo: wiki iliyofuata waliliona. Usimfiche mtoto mpaka mwisho. Mtu mzima akinyimwa zimwi anasema "ubunifu"; mtoto anasema ametapeliwa, na hakosei. Zimwi lionekane zima japo kwa sekunde mbili kabla kisa hakijaisha.

---

Shata50

Wadau mnajitesa. Pazia la kijani lipo, zimwi unalichora kwenye kompyuta, kazi kwisha. Vivuli vya nini karne hii?

---

FundiTaa

Mkuu Shata50, pazia la kijani ni zuri kwa shoti moja. Kwa sini ya shoti tisa hesabu inakataa. Angalia linachodai: mwigizaji awe mita 2 au zaidi mbele ya pazia, la sivyo ukijani unamrukia mashavuni na mabegani. Pazia liwe na taa zake, tofauti ya mwanga kati ya pembe moja na nyingine isizidi nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili). Mikunjo inyooshwe. Sasa ongeza kina cha chumba: kamera, mtoto, mita mbili za nafasi, pazia. Chumba cha kawaida hakitoshi.

Halafu kuna faili. Simu na kamera nyingi ndogo hurekodi rangi kwa 4:2:0, maana yake taarifa ya rangi ni robo tu ya taarifa ya mwangaza. Programu inayokata kijani inategemea rangi. Ndiyo sababu kingo za nywele, hasa nywele za kipilipili zilizotimka kidogo, hutoka zimeliwa kama na panya. Na hilo zimwi la kompyuta bado litahitaji kukanyaga sakafu na kuweka kivuli kitandani. Mtoto wa miaka sita hajui neno "kompositi" (picha mbili kuunganishwa kuwa moja), lakini miguu isiyogusa sakafu anaiona.

Tena mtoto anayeigiza anaangalia wapi? Hewani. Mpe kivuli halisi ukutani uone macho yanavyobadilika.

---

Shata50

Hapo kwenye 4:2:0 nimekubali. Haya, kivuli kinapatikanaje? Vingi vinavyoonekana kwenye tamthilia ni wingu la kijivu, huwezi kusema ni zimwi au ni nguo imeanikwa.

---

kivuli_kirefu

Hapa ndipo penyewe, niruhusuni niwe mrefu kama jina langu.

Ukubwa wa kivuli ni umbali wa taa mpaka ukutani, gawanya kwa umbali wa taa mpaka kwenye kikaragosi. Kata zimwi la kadibodi, urefu sentimita 40. Liweke mita 1 kutoka kwenye taa, ukuta uwe mita 5 kutoka kwenye taa. Kivuli ni mara tano: mita 2. Ukilisogeza kadibodi taratibu mpaka nusu mita kutoka kwenye taa, kivuli kinafika mita 4, yaani zimwi linakua mpaka kichwa kinakunjika darini. Hiyo ni shoti nzima ya "zimwi linakaribia", na kilichosogea ni kadibodi nusu mita.

Kwa nini kinakuwa wingu? Kwa sababu taa ni pana. Ukungu wa ukingo ni upana wa taa, zidisha kwa umbali wa kadibodi mpaka ukutani, gawanya kwa umbali wa taa mpaka kadibodi. Balbu nyeupe ya kawaida ina upana wa kama sentimita 6. Kwa vipimo vya hapo juu: 6 mara 4 gawanya kwa 1, ukungu wa sentimita 24. Kidole cha zimwi kimeshapotea. Tochi ya LED yenye kitone kimoja cha milimita 5 inatoa ukungu wa sentimita 2, kidole kinasomeka. Ifungue tochi, toa kioo cha mbele na kile kikombe kinachong'aa. Ukikiacha unapata miduara ya mwanga ukutani kama shabaha ya mishale.

Makosa mengine matatu yanayojirudia. La kwanza, kuweka karatasi au kitambaa cha kulainisha mwanga mbele ya tochi. Kufanya hivyo ni kuigeuza kuwa taa pana upya. Mwanga ukizidi, punguza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). La pili, taa ya pili inayopiga ukuta huohuo: "mwanga wa mwezi" wa dirishani ukiangukia ukutani, kivuli kinafifia au kinakuwa viwili. Mwezi uuelekeze kitandani, uuzuie kwa kadibodi nyeusi usifike ukutani. La tatu, mkono wa anayeshika kadibodi. Ukuzaji wa mara tano unakuza na kutetemeka. Milimita 4 za mkono ni sentimita 2 ukutani, na zimwi linaonekana lina homa. Kadibodi ichomekwe kwenye fimbo, fimbo iteleze juu ya ukingo wa meza.

Mtoto awe karibu na ukuta. Akiwa nusu mita kutoka ukutani, kivuli chake kinazidi kimo chake kwa kama moja ya kumi tu, kwa hiyo vivuli viwili vikikaa pamoja kila mtu anaona nani mkubwa.

---

Mgeni_wa_seti

Shukrani mkuu. Tochi ikiwashwa kwa mwanga hafifu, picha inatoa mistari inayopanda na kushuka. Tatizo ni kamera au tochi?

---

FundiTaa

Ni tochi. LED nyingi za bei ndogo zikipunguzwa huwa hazipungui kweli, zinawaka na kuzima haraka sana, na kamera inayaona hayo. Iwashe kwa nguvu yake yote. Kwa taa zinazotumia umeme wa ukutani, fuata hezi za umeme wa hapo ulipo: hezi 50, piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50; hezi 60, shata 1/60. Na kila kitu kwenye kamera kifungwe kwa mkono: mwangaza, fokasi, mizani ya rangi. Ukiacha kamera ijiamulie, kivuli kikipanda ukutani yenyewe inaona giza, inaongeza mwanga, na zimwi lako linayeyuka mbele ya macho yako.

---

Skripti_Mkononi

Mstari wa mwanga chini ya mlango nao una mambo yake. Mlango wa kawaida una nafasi ya milimita chache tu, kamera haipati kitu. Unahitaji kama sentimita 2. Ung'oe mlango kwenye bawaba uuegemeze juu ya vipande viwili vya mbao vilivyojificha pembeni, au tumia ubao uliopakwa rangi ya mlango. Taa ikae sakafuni ukumbini, mita moja na nusu nyuma ya mlango. Mapengo ya pembeni yazibwe kwa kitambaa cheusi na gundi ya utepe, vinginevyo mwanga unavuja kila upande na jicho haliendi chini.

Nyayo zisiwe miguu ya mtu. Vipande viwili vya mbao vyenye upana wa sentimita 20 kila kimoja, vinashushwa kimoja kimoja. Mtu mzima wa kawaida hana mguu wa upana huo, na mtazamaji anaupima bila kujua kwamba anaupima. Kama sakafu ni ya vigae, tandika kitu cheusi, la sivyo taa yenyewe itaonekana imelala kwenye kigae kama kwenye kioo.

---

Ukucha

Naomba nizungumzie mkono, maana ndio umepewa hela yote.

Anza na glovu ya pamba ya mtu mwenye mikono mirefu. Kila kidole kiongezwe waya wa alumini wa milimita 2, mrefu sentimita 15 kupita ncha ya kidole, ncha ya waya ikunjwe irudi ndani isichome. Vika sponji, ichonge kwa mkasi iwe nyembamba katikati na nene kwenye viungo. Viungo vinene ndivyo vinavyosema "zimwi", wala si kucha. Ngozi ni tishu ya karatasi na mpira wa maji (lateksi), tabaka tatu au nne. Kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata. Ukiwahi, la chini linabaki bichi, linanata, na siku ya tatu linachunika kama ngozi iliyoungua. Kama mkono utamgusa mtoto, ulizeni kwanza kuhusu mzio wa mpira. Jibu likiwa na shaka, tumia gundi nyeupe ya mbao badala yake. Ni ngumu zaidi kukunjika lakini inatosha.

Rangi isiwe moja. Kahawia iliyokolea kwenye mikunjo, halafu brashi kavu yenye rangi nyepesi ipite juu juu kwenye viungo. Chini ya taa ya usiku mkono wa rangi moja unaonekana glovu.

Udhaifu wa mkono huu: vidole havikunjiki vizuri. Basi usiombe vikunjike. Shoti ni vidole kupanda juu ya ukingo wa kitanda. Anza mkono ukiwa tayari umeshika ukingo, uvute chini taratibu, vidole vikiachia kimoja baada ya kingine, kisha kwenye uhariri icheze kinyumenyume. Kuachia kunafanyika kwa ulaini ambao kushika hakuupati. Ndani ya fremu kusiwe na mtoto, vumbi wala pazia linalopepea, kwani vyote hivyo vikirudi nyuma vinakuumbua.

---

Mkataji

Hiyo ya kinyumenyume ni dawa. Sekunde mbili zinatosha. Ya tatu mtazamaji anaanza kukagua gundi.

---

mama_Rangi

Kuna kitu hakijaguswa: kibuyu. Mhusika mkuu wa sini ni kibuyu, na wengi wangekipaka nyekundu ili kionekane. Nyekundu chini ya mwanga wa buluu wa usiku inakuwa nyeusi. Kwa nini? Rangi nyekundu hurudisha mwanga mwekundu, na taa yako ya buluu haina mwekundu wa kurudishwa. Kibuyu kinapotea chini ya kitanda na hadithi inapotea nacho.

Chagua manjano iliyofifia au rangi ya maziwa, kifunge ukanda mweupe shingoni, kisha kipigie picha ya majaribio chini ya taa ileile ya sini. Rangi hiyo isionekane kwingine kokote chumbani: shuka, shati, kitabu, ondoa. Mtoto anayetazama akikosa kufuata maneno, jicho lake linafuata manjano.

Na vibuyu viwe viwili vinavyofanana. Kimoja kitaanguka.

---

Boomu

Mmesahau masikio. Hatua za zimwi: mfuko wa kitambaa wenye kilo 3 au 4 za mchanga uliolowa, uachie kutoka kimo cha goti juu ya ubao. Punguza kasi ya sauti mpaka nusu, inashuka oktava nzima. Rekodi kwa kilohezi 96 (sampuli 96,000 za sauti kila sekunde) kama kifaa kinaruhusu, maana ukipunguza kasi rekodi ya 48 sauti za juu zinaisha na hatua inakuwa kama iko chini ya blanketi.

Kosa kubwa ni kuongeza uzito tu. Spika ndogo za televisheni na simu karibu hazitoi kitu chini ya hezi 100. Kwenye spika kubwa za studio zimwi linatisha, sebuleni halipo. Juu ya kila kishindo weka mlio wa kuni inayopasuka au ubao unaolia. Huo ndio utakaosikika.

Na kabla hamjaondoka chumbani, rekodini kimya cha chumba kwa sekunde 30, watu wote wamesimama. Mhariri atawashukuru.

---

Shata50

Haya nimeokoka. Ila Mkataji alisema zimwi lionekane zima sekunde mbili. Kivuli na mkono havitoshi hapo. Bila kompyuta inakuwaje?

---

kivuli_kirefu

Umbali unadanganya vizuri kuliko kompyuta. Mtu wa sentimita 170 asimame mita 2 kutoka kwenye lenzi, mtoto mita 4, wote wapangwe waonekane wako bega kwa bega. Aliye karibu anaonekana mara mbili ya ukubwa wake ukilinganisha na mtoto: zimwi la mita 3.4. Shoti hii iwe nje au kwenye ukumbi mrefu, chumbani haiingii.

Wote wawili lazima wawe kwenye fokasi. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibapa kinachopokea mwanga), tundu la lenzi likiwa dogo, f/11, fokasi kama mita 2.7, inapatikana bila shida. Gharama yake ni mwanga: kutoka f/2.8 kwenda f/11 ni stopu nne, yaani mwanga mara 16. Ndiyo maana wenye simu wana nafuu hapa, sensa ndogo inashika mbali na karibu kwa pamoja bila kuombwa.

Inaharibika vipi? Nyayo zikionekana. Zifiche kwa gogo au kichaka mbele. Kamera ikisogea hata kidogo, siri imetoka. Na macho: mtoto asimwangalie mwigizaji wa kweli. Chomeka mti wa mita 3.4 pembeni yake, nje ya fremu, aangalie ncha yake. Mwenye kucheza zimwi naye aangalie chini, sehemu iliyowekwa alama kwenye kimo cha magoti yake, upande wake.

---

FundiTaa

Na kwa kuwa ni nje na ni "usiku", pigeni mchana. Karibu kila nchi inabana saa za mtoto kufanya kazi, usiku ndio wa kwanza kubanwa. Jua liwe nyuma ya waigizaji, asubuhi au alasiri, mizani ya rangi 3200K badala ya 5600K ya mchana ili picha iwe ya buluu, mwangaza chini kwa stopu 2. Anga isiingie kwenye fremu hata kidogo. Anga jeupe ndilo linalosaliti usiku wa mchana kuliko kitu kingine chochote. Pia msimpe mtoto tochi kwenye shoti hiyo. Kwenye jua tochi haiwaki.

---

Mgeni_wa_seti

Vipi kuhusu radi? Mmuliko mmoja mmoja ukutani wakati zimwi linaonekana.

---

Mkataji

Radi sawa, lakini hesabu. Desemba 1997 huko Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilimulika nyekundu na buluu kwa kupokezana, takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 walifikishwa hospitalini. Tangu hapo watangazaji hawacheki na hili. Mimuliko isizidi mitatu ndani ya sekunde moja, na nyekundu iliyokolea iachwe kabisa. Kwa fremu 25: mwanga fremu 2, giza fremu 10, mwanga fremu 3, basi. Inatosha kuwa radi.

---

Skripti_Mkononi

Na uso wa mtoto, ambao ndio shoti ya mwisho. "Ogopa" si maelekezo. Anayeambiwa aogope anakodoa macho na kufungua mdomo. Mpe kazi: hesabu vidole vya mkono ule kimoyomoyo, ukifika cha nne shikilia pumzi. Mkono aonyeshwe mapema mchana, aushike, acheke nao. Kuogopa kweli hakuhitajiki, tena kunaharibu shoti ya pili.

Asijifiche kwenye friji, sanduku wala mfuko hata kama skripti inanoga. Wanaotazama wataiga. Chini ya kitanda panatosha.

---

Mgeni_wa_seti

Swali la mwisho: tukiwa na mtoto kwa saa chache, tunaanza na shoti ipi?

---

Skripti_Mkononi

Picha pana kwanza, mlango na kitanda vikiwa kwenye fremu moja, ili mtazamaji ajue zimwi linatoka upande gani. Ukishachagua upande wa kamera usivuke. Kisha uso, mara mbili au tatu angali hajachoka. Kisha mtoto na kivuli ukutani. Mkono wake unaosukuma kibuyu unaweza kuwa wa mtoto mwingine mwenye kimo na shati hilohilo. Basi mtoto wako mwachie aende. Kitasa na vidole vya zimwi vinabaki kwenu. Mstari wa mlangoni uwe wa mwisho kabisa, maana mkishaziba mlango kwa kitambaa na utepe hakuna anayepita tena, na kila mara kuna mtu amesahau kitu ndani.